Mikono Inayoupokea Mukuba

Kufikia mwaka 1931, mukuba, yaani shaba, uliotoka katika tanuri la Lubumbashi ulikuwa na njia nne za kwenda baharini. Uliweza kuteremka kusini kwa reli, ukapita Rhodesia hadi Beira, kama kilomita 2,600. Uliweza kwenda magharibi kwa reli ya Benguela hadi Lobito, kama kilomita 2,100. Uliweza kufuata ile ambayo Wabelgiji waliiita njia ya taifa: reli hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, stima za Mto Kasai na Mto Kongo hadi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kisha reli tena hadi Matadi, jumla karibu kilomita 2,800. Na uliweza kwenda mashariki, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kuishia Dar es Salaam. Mtu anayepima kwa rula atasema Lobito ndiyo mshindi na mjadala umekwisha. Historia haikwenda hivyo. Katika miaka mia moja na zaidi ya mji wa Lubumbashi, Lobito imeshika usukani kwa vipindi tu, na kwa miongo mizima mukuba umezunguka mbali ukiuacha mlango ulio karibu. Maelezo ya kawaida ni kwamba siasa ndiyo iliyoamua. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Siasa ilichuja: ilisema njia hii ni haramu, ile ni halali. Katika zile zilizobaki baada ya mchujo, kilichoamua hakikuwa kilomita. Kilichoamua ni idadi ya mikono ambayo mzigo ulipaswa kupita, kwa sababu kila mkono una mizani yake, karatasi yake, muhuri wake na mwanya wake wa wizi. Ukiisoma historia ya usafirishaji wa Katanga kwa kipimo hicho, mambo mengi yanayoonekana kuwa ukaidi wa wakubwa yanaanza kueleweka.

Jambo hili lilikuwepo kabla ya reli. Mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali sana kwa mabega ya watu. Hapakuwa na msafara mmoja uliotoka Katanga hadi pwani bila kusimama. Mzigo ulipita kwa mtawala hadi mtawala, na kila mmoja alidai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Kazembe, katika bonde la Luapula, ndiye aliyeketi katikati ya biashara hiyo. Kisha akaja M'siri, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi. Alijenga dola lake la Garenganze na makao yake Bunkeya, akakata utii wa Katanga kwa Kazembe, akapokea wafanyabiashara wa pwani ya mashariki kwa mkono mmoja na misafara ya Waovimbundu kutoka Benguela kwa mkono wa pili. Wanahistoria humsifu au kumlaani kwa bunduki zake na biashara yake ya watumwa, na laana hiyo anastahili. Lakini kibiashara, alichofanya ni kuondoa mpokeaji mmoja kati ya chimbo na pwani, na faida ya mpokeaji huyo ikabaki Bunkeya. Alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliofanya kazi kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, dola la Leopold lilirithi shaba na likarithi pia swali la njia.

Jibu la kwanza lilitoka kusini. Reli ya Rhodesia ilifika Sakania Desemba 1909, na Septemba 1910 garimoshi la kwanza likaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mji ambao ulikuwa bado viwanja na vigingi. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière, ambalo wenyeji waliliita Mumbunda, likatoa shaba yake ya kwanza. Sababu za kuanza na kusini zilikuwa mbili, na zote zinahusu mikono. Ya kwanza ni makaa: tanuri lilihitaji koki, na koki ya karibu ilikuwa Wankie, huko huko Rhodesia. Behewa lililoleta koki halikurudi tupu. Ya pili ni upana wa reli. Kuanzia Katanga hadi Cape Town, reli zote zilikuwa na upana mmoja wa milimita 1,067. Hata ile ya Beira, iliyoanza kwa kijireli chembamba cha futi 2, ilikuwa imetanuliwa kufikia mwaka 1900. Kwa hiyo behewa lililofungwa mlango Lubumbashi liliweza kufunguliwa Beira, likiwa limepita Kongo, Rhodesia ya Kaskazini, Rhodesia ya Kusini na Msumbiji bila mtu kugusa shaba iliyomo. Karatasi zilibadilika mpakani, injini zilibadilika, madereva walibadilika. Mzigo ulikaa palepale.

Brussels haikufurahi. Mji wa Kibelgiji ulikuwa unakula mahindi ya Rhodesia, unawasha makaa ya Rhodesia na kulipana kwa fedha ya Kiingereza, na kila aliyetaka kwenda kwao Ulaya alipita kwa Waingereza. Shauri la kujenga njia ya ndani ya koloni lilikuwa la kisiasa kabisa, hilo halina ubishi. Ila ukitazama namna lilivyotekelezwa, utaona hesabu ya mikono ikifanya kazi hata ndani ya siasa. Maana njia ya ndani ilikuwepo tayari, kwa jina. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo Mto Lualaba ungeweza kukupeleka hadi Matadi, ukiwa na subira. Bukama unashuka garimoshi, unapanda stima. Kongolo unashuka stima, unapanda garimoshi kwa sababu ya maporomoko. Kindu unarudi majini. Ponthierville unarudi relini kwa kilomita kama 125. Stanleyville unarudi majini tena. Léopoldville unapanda reli ya Matadi. Makabidhiano 6 kabla ya kuiona meli ya bahari. Hakuna mtu mwenye akili aliyekusudia kuipitisha humo shaba kwa maelfu ya tani. Ndiyo maana kampuni ya BCK ilijenga reli mpya kabisa, zaidi ya kilomita 1,100, kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ikazinduliwa mwaka 1928 mbele ya Mfalme Albert. Reli hiyo ilipunguza makabidhiano kutoka 6 hadi 2: Port-Francqui na Léopoldville. Kampuni ilibeba jina la reli ya Bas-Congo hadi Katanga, lakini Bas-Congo haikuifikia kamwe. Kipande cha Ilebo hadi Kinshasa kimekuwa kikipangwa na kupangwa upya tangu enzi hizo, na mpaka leo hakijajengwa.

Inafaa kusimama kidogo Ilebo, kwa sababu hapo ndipo mtu anaona kukabidhiana ni kitu gani. Behewa linafika gatini. Karani anafungua hati ya usafirishaji, anahesabu vipande vya shaba, analinganisha na karatasi iliyotoka Lubumbashi. Vinapimwa. Mizani mbili hazikubaliani kamwe, kwa hiyo tofauti inaandikwa na mtu anatia saini akisitasita. Kama tishari halijafika, shaba inapangwa ghalani, na ghala linahitaji mlinzi na daftari. Tishari likifika, kreni inanyanyua, watu wanapanga, na anayepanga vibaya anaweza kulizamisha. Kisha hati nyingine inaandikwa, maana mwenye stima si mwenye reli na hatajibu kwa upungufu uliotokea kabla yake. Wakati wa kiangazi maji ya Kasai yanapungua, michanga inajitokeza, tishari linabeba pungufu au linasubiri. Halafu yote haya yanarudiwa Kinshasa. Ukiandika gharama ya mchakato huu kwa kilomita utapata jibu la kipuuzi, kwa sababu gharama haiko barabarani hata kidogo. Iko pale mzigo uliposimama.

Tatizo hili lina hesabu yake, na hesabu hiyo leo inafanywa kwa ustadi mkubwa na watu wasioshughulika na behewa wala tishari, nao ni wahandisi wa mitandao ya mawasiliano. Katika mitandao mikubwa, pakiti ya data inapoingia mlangoni hubandikwa rundo la lebo, moja juu ya nyingine, na kila lebo ni agizo: fika hapa, kisha pita kiungo kile. Ruta inasoma lebo ya juu, inaitekeleza, na agizo likikwisha lebo inabanduliwa. Utaratibu huo, ambao muundo wake ulichapishwa rasmi Julai 2018 katika waraka wa RFC 8402, una uzuri wake na una kikwazo chake. Kila lebo inakula baiti 4, na ruta ya mlangoni ina kikomo cha lebo inazoweza kubandika kwa mara moja. Kwa hiyo programu inayokokotoa njia hufanya kazi mbili zinazofuatana. Kwanza inaondoa viungo visivyotimiza masharti: hiki kimejaa, hiki kinachelewesha, hiki mwenye mzigo hakitaki. Kisha, njia ikishapatikana, inatafuta namna ya kuieleza kwa lebo chache iwezekanavyo. Kama hatua 4 mfululizo ndizo ambazo pakiti ingezifuata yenyewe hata bila kuamriwa, lebo moja ya kituo cha mwisho inatosha. Na kama kipande kizima cha njia kina msimamizi wake, lebo moja inaweza kusimama badala ya kipande chote, na yanayotokea ndani yake ni juu ya msimamizi huyo.

Wakala yeyote wa forodha atalitambua jambo hilo la mwisho: ni hati moja ya safari nzima, ile inayomwezesha mwenye shaba kuandika Lubumbashi upande mmoja na bandari upande wa pili, na wenye reli wagawane nauli wao kwa wao. Mfano huu wa mitandao unatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo historia ya Katanga huyachanganya. Kuna kupunguza makabidhiano kwa chuma, kama BCK ilivyofanya mwaka 1928: njia yenyewe inabadilika. Na kuna kupunguza kwa karatasi: njia inabaki ileile, taruma zilezile, mipaka ileile, ila maagizo yanakuwa machache. Karne ya 20 ilijua sana kupunguza kwa chuma. Kwa karatasi ilikuwa mvivu, na deni la uvivu huo linalipwa leo Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia.

Lobito ilikuwa na vyote viwili, na ndiyo sababu iliwatisha washindani wake. Robert Williams, Mskoti aliyeanzisha Tanganyika Concessions, alipata kibali cha Wareno Novemba 1902, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. Ilichukua zaidi ya robo karne: kilomita 1,344 ndani ya Angola, injini zikichoma kuni za mikaratusi iliyopandwa kandokando ya reli, mpaka reli ikafika mpakani mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuunganishwa na Tenke mwaka 1931. Upana ulikuwa uleule wa milimita 1,067, kwa hiyo mzigo haukuhamishwa hata mara moja kabla ya meli. Zaidi ya hayo, kampuni ya Williams ilishika sehemu kubwa ya hisa za reli ya Benguela na ilikuwa na hisa pia katika Union Minière. Mwenye shaba na mwenye reli walikaa meza moja. Lakini reli ilikamilika wakati bei ya shaba imeanguka kwa mdororo wa dunia, na serikali ya koloni haikuwa tayari kuiacha BCK, iliyogharimu mamilioni, ibebe hewa. Shaba ikaendelea kugawanywa, na sehemu kubwa ikashuka Matadi kwa nauli iliyopunguzwa.

Hapa mpinzani wa hoja yangu ana neno. Atasema: kama nauli ndiyo iliyovuta mzigo kwenda Matadi, basi makabidhiano hayakuamua kitu, bei iliamua, na bei inaweza kupangwa na serikali. Nakubali kwamba nauli inaweza kupangwa. Ila nauli nafuu haiondoi karani wa Ilebo wala kreni yake. Inahamisha tu malipo kutoka mfuko wa mwenye shaba kwenda mfuko wa mwingine. Aliyelipa ni BCK kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni wakulima wa Kasai na wafanyabiashara wadogo ambao mizigo yao haikupata nauli hiyo ya upendeleo. Serikali inapolazimika kulipa ili njia yenye mikono mingi ishindane na yenye mikono michache, hilo ni ushahidi wa uzito wa mikono.

Mpinzani mwenye hoja nzito zaidi atataja urani. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalianza kusafirishwa kwenda New York mwaka 1940 kupitia Lobito, njia iliyo rahisi. Vita vilipopamba moto, Wamarekani wakaingiwa na hofu juu ya bandari ya nchi isiyofungamana na upande wowote, iliyojaa macho na masikio ya watu wasiojulikana. Mzigo ukahamishiwa njia ya taifa: Port-Francqui, matishari, Léopoldville, Matadi. Shehena nyeti kuliko zote zilizowahi kutoka Katanga ikapewa njia yenye makabidhiano mengi kuliko ya Lobito. Je, hoja imevunjika? Sioni hivyo. Sharti la usiri lilikata Lobito kwenye orodha kabla hesabu ya mikono haijaanza. Na mara tu Matadi ilipochaguliwa, wahandisi wa jeshi la Marekani walipelekwa kuboresha bandari hiyo na viwanja vya ndege vya Léopoldville na Elisabethville. Hata waliolazimika kuishi na njia ndefu walianza papo hapo kuipunguzia maumivu.

Upande wa mashariki unanishawishi zaidi, ijapokuwa hauzungumzwi sana. Ubelgiji ilipewa na Uingereza, kwa makubaliano ya mwaka 1921, maeneo yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yale ambayo wazee wa Dar wanayakumbuka kwa jina la Belbase. Humo mzigo wa Kongo ulihesabiwa kama bado uko Kongo, bila ushuru wa Tanganyika. Hiyo ilikuwa lebo ya karatasi iliyobanduliwa mapema kabisa. Lakini chuma kilikuwa kibaya: Bukama kwa stima hadi Kabalo, Kabalo kwa reli hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, meli ya ziwa hadi Kigoma, reli ya kati hadi Dar. Makabidhiano 4, na njia ikabaki ya mizigo michache. Katikati ya miaka ya 1950 reli ya Albertville ilibadilishwa kutoka upana wa mita moja kwenda 1,067, na mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikakamilika. Stima ya Lualaba ikatoka, makabidhiano yakabaki 2, yote ya ziwani. Walioijenga hawakufupisha safari kwa kiasi kikubwa. Walinunua behewa lisilofunguliwa kutoka Katanga hadi ufukwe wa Tanganyika.

Baada ya uhuru mchujo wa siasa ulikuwa mkali kuliko wakati wowote. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, Julai 1960 hadi Januari 1963, njia ya taifa ilikufa kwa sababu taifa lenyewe liligawanyika, na shaba ikatoka kwa Lobito na kwa Rhodesia. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga Benguela, ikabaki imefungwa kwa biashara ya kimataifa kwa miongo kadhaa. Zaire ya Mobutu ilikuwa imebakiwa hasa na njia ya taifa, ambayo wakati huo ilikuwa imechakaa, na kusini. Kusini maana yake ilikuwa Rhodesia ya Ian Smith na bandari za Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, umbali wa kilomita zaidi ya 3,000. Kwa rula ni wazimu. Kwa maneno ya hadharani ya serikali ni aibu. Lakini reli ilikuwa ya upana mmoja tangu Lubumbashi hadi ukingo wa bahari, mlango wa behewa haukufunguliwa njiani, na tani nyingi za shaba ya Zaire zilipita huko. Mwaka 1978, vita vya Kolwezi vilipopandisha bei ya kobalti kwa kishindo, kobalti ikapakiwa kwenye ndege. Hakuna usafiri ghali kuliko huo kwa kila kilo, na hakuna wenye mikono michache kuliko huo. Mzigo ukiwa na thamani ya kutosha, mwenyewe hununua unyofu wa njia kwa bei yoyote.

Kisha chuma chenyewe kikadhoofika. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Njanja, kama watu wa Lubumbashi wanavyoiita kampuni ya reli, ilibadilisha majina, KDL, SNCZ, Sizarail, SNCC, huku injini zikipungua na mishahara ikichelewa kwa miezi na miezi. Sheria ya Madini ya 2002 ilipofungua mlango kwa wawekezaji na uzalishaji ukapanda tena, mpaka kuvuka tani milioni 2 kwa mwaka miaka ya karibuni, reli haikuwepo ya kupokea. Lori likapokea. Kathodi za shaba, yale mabamba mapana yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, yanapakiwa kiwandani Kolwezi, Fungurume au Likasi, tani 30 hivi kwa lori, turubai linafungwa, sili inapigwa namba, na dereva huyohuyo anaishusha shaba Durban, Dar es Salaam, Walvis Bay au Beira.

Wachumi wa uchukuzi hulishangaa lori. Kwa tani na kilomita ni ghali kuliko garimoshi, linaharibu barabara, linaua watu. Iweje lishinde? Limeshinda kwa sababu limefikisha makabidhiano ya chuma kwenye sifuri: mzigo una mtu mmoja wa kuulizwa tangu geti la kiwanda hadi gati. Na kwa kuwa chuma kimefika sifuri, karatasi ndizo zilizobaki, zikaonekana kwa ukubwa wake wote. Lori la Durban linapita Kasumbalesa, kisha Chirundu au daraja la Kazungula, kisha aghalabu Beitbridge. La Dar es Salaam linapita Kasumbalesa, halafu Nakonde na Tunduma. Foleni ya Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, imewahi kunyooka kwa makumi ya kilomita, madereva wakilala chini ya matrela yao kwa siku kadhaa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kwa ugomvi wa kuagiza bia na soda, na shaba ya dunia nzima ikasikia. Mahali walipojaribu kupunguza karatasi matokeo yameonekana: Chirundu ilifunguliwa Desemba 2009 kuwa kituo kimoja cha mpaka, ambapo lori linakaguliwa mara moja na maofisa wa Zambia na Zimbabwe waliokaa pamoja. Barabara ni ileile, daraja ni lilelile. Kilichobanduliwa ni lebo moja.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita juu juu, nalo halihusu hesabu. Kila kukabidhiana ninakokuita mzigo ni kazi ya mtu. Ilebo iliishi kwa kreni zake. Kalemie na Kigoma zililelewa na meli za ziwani. Kasumbalesa ya leo, pamoja na udhia wake wote, imejaa mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, mama wauza ugali na mboga, vijana wa kufunga turubai, na familia zao ziko Lubumbashi zikilipiwa karo kwa foleni hiyohiyo. Ukiondoa kituo umeondoa mji. Historia ya Ilebo inaonyesha kwamba hofu hiyo si ya kubuni: njia ya taifa ilipodhoofika, mji ulidhoofika nayo. Jibu langu ni finyu na nalitoa hivyo hivyo. Miji hii haikuangushwa na aliyepunguza makabidhiano kwa makusudi na kwa mpango. Iliangushwa na vita, na injini zilizokufa, na mzigo uliohamia njia nyingine yenye mikono michache zaidi. Kukataa kupunguza mikono hakukuiokoa Ilebo, kulimfukuza mteja wake. Bado, anayepanga ushoroba akiwa Kinshasa, Luanda au Washington anapaswa kuhesabu watu wa Kasumbalesa kabla hajatia saini, na sijaona dalili nyingi kwamba wanahesabiwa.

Sasa Lobito imerudi. Wachina waliijenga upya baada ya vita vya Angola, na Julai 2023 kipande cha Angola kilikabidhiwa kwa ubia wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Shaba ya Kamoa-Kakula ikapita humo kwa majaribio, mwaka 2024 shehena ya shaba ya Kongo ikafika Marekani kwa njia hiyo, na Desemba mwaka huo Rais Biden akaenda mwenyewe Lobito. Kwa rula ndiyo njia fupi, kama ilivyokuwa mwaka 1931. Lakini mkataba ule unaishia mpakani Luau. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi, kilomita zaidi ya 400, reli ni ya SNCC, garimoshi ni la polepole, na hati ya Kongo si hati ya Angola. Fedha zinazotajwa zaidi katika mikutano ni za taruma na injini, na ni kweli kipande hicho kinazihitaji sana. Ila ningeulizwa lipi litangulie, ningechagua hati moja ya kutoka Kolwezi hadi melini na kituo kimoja cha ukaguzi kati ya Dilolo na Luau, kabla ya reli kuongezewa mwendo. Garimoshi la polepole lisilosimamishwa mpakani linaweza kulishinda lori lililokwama Kasumbalesa. Garimoshi la kasi linalosubiri mihuri miwili litamrudisha mwenye kathodi kwenye lori, kwa sababu huko angalau anajua namba ya simu ya dereva.